Visanduku Sita Vitupu

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Bulengera, Koko Vagheni alikuwa tayari amekunja mikono ya nguo yake akikamua ndizi. Alizikamua pamoja na majani makavu katika beseni kubwa, akachuja maji yake matamu, akatia unga wa mtama uliokaangwa, kisha akayamimina katika bidoni, dumu la njano. Kesho yake bidoni ilianza kutoa povu na kunguruma polepole. "Kasiksi imeamuka," Koko alisema, na majirani walijua kwamba pombe ya ndizi ya mwisho wa juma itakuwa nzuri.

Mjukuu wake, Joyeuse, msichana wa miaka kumi na mitatu, alizoea mambo hayo tangu utotoni. Aliamka, akateka maji, akafagia ua, akanywa chai yake ikiwa moto, kisha akashuka mbio kwenda shule akipishana na pikipiki zilizobeba mboga za sokoni. Mwaka huo, hata hivyo, bidoni ya Koko ilikuwa imepata kazi ya pili, tena kazi ya sayansi.

Ilianza siku ambayo Madame Tamar, mwalimu wao wa sayansi, alileta darasani tone la maji ya kijani kutoka bwawa la samaki. Shule ilikuwa na hadubini moja tu. Haikutumia umeme, bali kioo kidogo cha kunasa mwanga wa jua, na kwa sababu hiyo ilikaa dirishani. Wanafunzi walipanga mstari kuchungulia. Zamu ya Joyeuse ilipofika, aliona vitu vya mviringo, kijani kibichi, vikielea kama mbaazi kwenye mchuzi.

"Huu ni mwani," alisema Madame Tamar. "Kila kimoja mnachoona ni seli moja, na seli hiyo moja ni mmea mzima. Sasa natia tone la iodini, dawa niliyoomba kwenye maabara ya kituo cha afya. Angalieni tena."

Joyeuse aliangalia. Ndani ya karibu kila seli palikuwa na nukta, na nukta hiyo sasa ilizungukwa na mduara mweusi.

"Ni macho, Madame?" aliuliza Timothée, kijana mwembamba aliyependa kuuliza kabla ya wengine.

Madame Tamar alicheka. "Si macho. Ni chumba cha kazi. Mmea hujijenga kwa hewa ya kaboni, ile tunayotoa tukipumua. Anayeikamata hewa hiyo ni protini moja inayoitwa Rubisko. Ila Rubisko ni mvivu kidogo, tena hukosea. Mara nyingine badala ya kaboni hukamata oksijeni, na kazi yote inaharibika. Basi mwani umefanya nini? Umezikusanya Rubisko zake karibu zote mahali pamoja. Kuna protini nyingine, nyembamba na ndefu, yenye sehemu kadhaa za kushikia. Inashika Rubisko huku, inashika nyingine kule, mpaka zote zinakaa pamoja bila kutawanyika. Kisha seli inasukuma kaboni nyingi humo, na kuzungushia ukuta wa wanga ili isitoroke. Iodini hupaka wanga rangi nyeusi. Mduara mnaouona ndio ukuta huo. Chumba chenyewe kinaitwa pirenoidi."

"Na kama kaboni ni nyingi sana majini," aliuliza Joyeuse, "vyumba vitaongezeka?"

Madame Tamar alimtazama kwa furaha. "Hilo ndilo swali! Hata mimi jibu silijui. Litafute, utalipeleka Beni!"

Hivyo ndivyo Joyeuse na Timothée walivyochaguliwa kupeleka jaribio lao kwenye maonyesho ya sayansi ya wanafunzi katika mji wa Beni. Walijaza mwani katika chupa mbili. Chupa ya kwanza iliachwa wazi, ipate hewa ya kawaida. Chupa ya pili iliunganishwa kwa mpira mwembamba wa seramu, ule wa dripu za wagonjwa, na bidoni ya kasiksi, kwa kuwa kinachofanya kasiksi kunguruma ni hewa ya kaboni inayotoka humo. Kila Koko alipotengeneza bidoni mpya, mpira ulihamishiwa huko.

Koko Vagheni alifurahi sana. "Donc kasiksi yangu inasoma masomo!" aliwaambia wateja wake. "Musiguse ile mupira. Ni ya serikali!"

Baba wa Timothée alikuwa shemasi katika kanisa ambalo waumini wake hawagusi pombe. Alikubali mwanawe ashiriki, lakini hakupenda aonekane kila siku kwenye ua wa kasiksi. Kwa hiyo wawili hao waligawana kazi. Joyeuse angetunza chupa, apeleke matone shuleni kila siku saa sita, wakati jua lina nguvu, na ahesabu seli mia moja kutoka kila chupa: ni ngapi zenye mduara mweusi? Timothée angechora na kuandika ubao mkubwa wa maonyesho.

Siku tatu za kwanza Joyeuse alifanya kazi kwa bidii. Jumatatu alipata sabini na nane katika chupa ya kwanza na themanini na moja katika ya pili. Jumanne alipata themanini katika ya kwanza, sabini na mbili katika ya pili. Jumatano, sabini na tisa, kisha sitini na tatu. Jicho lake lilitoa machozi, shingo ilimuuma, na mara mbili alipotea katikati ya hesabu akaanza upya.

Wakati huohuo, chini ya dirisha lilelile, wasichana wa darasa lake walikuwa wakicheza nzango. Walipiga makofi, wakaimba, wakarusha miguu mbele, na vumbi likapanda. Joyeuse alikuwa na miguu myepesi kuliko wote.

"Joyeuse, kuya! Ba darasa la pili banatushinda!" walimwita Alhamisi.

Aliangalia hadubini. Aliangalia uwanja. Akafikiri: Kaboni ikiwa nyingi, vyumba lazima viongezeke. Mtu akivuna sana, hujenga ghala zaidi. Hii sitini na tatu ni mimi nilikosea kuhesabu. Akachukua daftari, akaandika: themanini, themanini na tano. Kisha akashuka uwanjani.

Ijumaa ilikuwa rahisi zaidi, na Jumamosi hakuona hata aibu. Juma lililofuata alikuwa akiandika nambari zake nyumbani, huku chai ikipoa. Chupa ya pili ilipanda vizuri, themanini na tisa, tisini na mbili, tisini na tano. Timothée alizipokea nambari hizo kwa heshima na kuchora mstari mwekundu uliopanda kama barabara ya mlimani. Préfet, yaani mkuu wa shule, alipoona ubao huo alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Très bien," alisema. "Jumatano mnionyeshe seli zenyewe. Sipendi kwenda Beni kuaibika."

Jumatano saa sita, Timothée alitaka kufanya mazoezi kabla ya préfet kufika. Alitia tone la chupa ya pili kwenye kioo, akaongeza iodini, akainama. Alibadilisha jicho, akainama tena.

"Joyeuse," alisema, "sioni kitu."

"Geuza kioo kuelekea jua."

"Jua iko. Seli ziko, tena mingi. Ila miduara, hakuna."

Joyeuse alimsogeza, akachungulia mwenyewe. Seli zilikuwa nzima, kijani, zimenona. Lakini nyingi hazikuwa na ule ukuta mweusi. Alisogeza kioo kulia, kushoto, juu, chini. Katika seli ishirini aliona mduara kwenye mbili tu. Katika daftari lake, ukurasa wa siku hiyo tayari ulikuwa umeandikwa tangu asubuhi: tisini na saba.

Alipoinua kichwa, alimkuta Timothée ameshika mashavu yake kwa mikono miwili.

"Ni miye," alisema Timothée kwa sauti ndogo. "Ile siku nilikuya kwenu, niliona mupira iko na uchafu, nikaiosha na sabuni. Sikukuambia. Sabuni imeingia, imeharibu vyote. Kazi yako yote ya siku kumi!"

Joyeuse alifungua mdomo. Kabla hajasema neno, Timothée alikuwa amekwisha kwenda kwa Madame Tamar na kumweleza habari ya sabuni, huku machozi yakimtoka. Madame Tamar alimsikiliza hadi mwisho, akamfuta uso kwa kitambaa chake.

"Haya, mwanangu. Nitamwomba préfet asubiri hadi kesho," alisema. "Kama jaribio limeharibika, hatutakwenda. Afadhali kukaa nyumbani kuliko kuonyesha kitu kisichopo."

Joyeuse alisimama nyuma yao, daftari limebanwa chini ya kwapa. Alisikia kila neno.

Jioni hiyo Koko alipika ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, chakula ambacho Joyeuse hakukikataa hata siku moja. Alimega mara mbili, akaacha.

"Uko mugonjwa?" Koko aliuliza.

"Hapana, Koko. Koko, sabuni kidogo inaweza kuharibu kasiksi?"

"Sabuni? Wapi! Ile mupira mimi mwenyewe naiosha na sabuni kila bidoni mupya, nasuuza na maji ya moto. Uliona mutu amelalamika?"

Jibu hilo lilimwumiza Joyeuse kuliko karipio. Timothée hakuwa na kosa lolote, lakini sasa hivi, huko kwao, alikuwa akilia kwa ajili ya kosa la mtu mwingine.

Alhamisi alifika shuleni kabla ya kengele. Madame Tamar alikuwa akifuta ubao.

"Madame, sabuni haikuharibu kitu," alisema haraka, kabla moyo haujageuka. "Nilihesabu siku tatu tu. Zingine niliandika mwenyewe, za uongo. Nilikuwa nacheza nzango."

Madame Tamar aliweka kitambaa chini.

"Na jana, Timothée alipokuwa akilia?"

"Nilinyamaza, Madame."

"Hilo ndilo zito kuliko nambari. Nenda kwanza ukamwambie yeye. Kisha rudi hapa na daftari."

Timothée alikuwa ameketi kwenye ngazi akila karanga. Alisikiliza, na uso wake ukabadilika polepole. Aliondoa mfuko wa karanga uliokuwa kati yao, akauweka upande wa pili.

"Usiku mzima nililala na sabuni kichwani," alisema. "Nilimuambia hata papa. Aliomba kwa Mungu anisamehe sabuni! Na weye ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Nisamehe, Timothée. Nitamuambia papa yako mimi mwenyewe."

Timothée alitafuna karanga tatu, moja baada ya nyingine, akitazama uwanja. Kisha akasimama, akajipangusa.

"Leta ile mikroskopu," alisema bila kutabasamu. "Leo miye nahesabu. Weye utaandika, na utaandika kile nasema. Kingine hapana."

Siku hiyo hawakutoka dirishani. Timothée alihesabu mia moja, Joyeuse akahesabu zilezile tena ili kuhakikisha, na Madame Tamar akapita katikati. Chupa ya kwanza, themanini. Chupa ya pili, kumi na mbili. Ijumaa walirudia: sabini na saba, na tisa. Wasichana wa nzango walimwita Joyeuse mara moja, wakamwona hageuki, basi wakapanda juu kuona ni nini kinachomshikilia hivyo. Wawili kati yao walibaki na kusaidia kusafisha vioo.

Ilibaki habari ya ubao. Préfet alikasirika, akazunguka ofisini mara mbili, lakini alipoona hesabu mpya akaruhusu safari. Timothée alifuta mstari wake mwekundu kwa rangi nyeupe. Walipoandika jedwali upya, walikuwa na siku tatu za mwanzo na siku mbili za mwisho. Katikati palikuwa na visanduku sita visivyo na kitu.

"Tukadirie, Madame?" aliuliza Timothée. "Kutoka sitini na tatu kushuka hadi kumi na mbili, tunaweza kujua za katikati."

"Mlihesabu?"

"Hapana."

"Basi viacheni vitupu. Na mtakapoulizwa, Joyeuse atajibu."

Jumamosi alfajiri walipanda taksi-basi pamoja na Madame Tamar kuelekea Beni. Walipita Maboya, wakateremka Kabasha kwa mikunjo mikali, na kila walipozidi kushuka, ndivyo joto lilivyozidi. Timothée alibeba hadubini ya shule, naye Joyeuse alipakata vichupa viwili vya mwani, vilivyokwisha kutiwa iodini ili visibadilike njiani. Kwenye kizuizi cha barabara, askari mmoja aliingiza kichwa dirishani.

"Nini oyo? Lotoko?" aliuliza, akidhani ni pombe kali.

"Hapana, chef," alijibu Timothée. "Ni mwani. Ni mimea midogo sana. Ndani yake kuna protini inaitwa Rubisko, na protini ingine inaishika ili..."

Alieleza hadi pirenoidi. Abiria wote walinyamaza kusikiliza. Askari alikuna kichwa chini ya kofia yake.

"Kende," alisema hatimaye. "Muende. Huyu mutoto ananichokesha kichwa." Gari zima likacheka, hata Joyeuse, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Ukumbi wa Beni ulijaa. Kulikuwa na jiko la kutumia vumbi la makaa, mtego wa panya, na mashine ya kupura mahindi iliyotengenezwa kwa vyuma vya baiskeli. Kiongozi wa waamuzi alikuwa mhandisi wa kilimo, Madame Providence, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alifika mezani pao, akachungulia hadubini, kwanza kichupa cha kwanza, kisha cha pili. Akaguna.

"Nielezeni."

Timothée alieleza chumba cha kazi, Rubisko, na protini inayozishika pamoja. "Kaboni ikiwa kidogo majini, seli inajenga ukuta ili isipoteze ile inayo," alimalizia. "Kaboni ikiwa nyingi, kama ile ya kasiksi, haina haja ya kuhangaika. Inaacha ukuta."

"Vizuri sana. Na hivi visanduku sita? Mwanga ulikosekana? Mvua?"

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Ingekuwa rahisi kusema mvua. Mwezi huo ilinyesha Butembo, mjini kwao, karibu kila siku. Joyeuse aliweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza kitupu.

"Si mvua, Madame. Siku hizo sikuhesabu. Nilienda kucheza, nikaandika nambari za uongo. Nilidhani miduara itaongezeka, basi nikaiongeza kwenye daftari. Kumbe ilikuwa inapungua. Tulifuta uongo wote. Hizi tano tu ndizo tulizoona kwa macho."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Madame Providence hakucheka. Alivaa miwani yake, akasoma jedwali kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anayesoma barua.

"Nimekuwa mwamuzi hapa miaka saba," alisema kwa sauti iliyosikika meza za jirani. "Nimeona majedwali mengi, yote yamejaa, siku kwa siku. Kisanduku kitupu sijaona hata kimoja. Nami ninawajua watoto. Nina wanne!"

Sasa ukumbi ndio ulicheka, na wanafunzi kadhaa wakaanza kuangalia majedwali yao wenyewe kwa wasiwasi.

Mashine ya mahindi ilishika nafasi ya kwanza, na kwa haki kabisa. Joyeuse na Timothée walipata nafasi ya tatu, pamoja na sanduku la vioo vya hadubini. Kabla ya kuwaaga, Madame Providence aliwavuta pembeni.

"Mnajua kuna wataalamu wanaojaribu kuweka vyumba kama hivi ndani ya mimea ya chakula?" alisema. "Mpunga, kwa mfano, hauna pirenoidi. Wanafikiri ukipewa, huenda ukavuna kaboni vizuri na kuzaa zaidi. Ni kazi ya miaka mingi. Sasa, Joyeuse, fikiri mmoja wao aandike nambari kwa kudhani, kama ulivyodhani wewe. Mwingine atamwamini, atajenga juu ya hizo, na wa tatu juu ya huyo. Watapoteza miaka kumi wakifuata mstari mwekundu unaopanda, wakati ukweli unashuka."

Joyeuse aliitikia kwa kichwa.

"Tena ona jambo hili," aliongeza Madame Tamar, akimwekea mkono begani. "Siku ya tatu uliona sitini na tatu. Jibu la swali lako lilikuwa tayari mbele yako, zuri, jipya, na uliliona wewe kabla ya sisi sote. Ulilitupa kwa sababu halikufanana na ulichodhani. Uongo haukukuokolea saa moja ya kazi tu. Ulikunyang'anya furaha ya kugundua, na karibu ukunyang'anye rafiki. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Hakuna atakayekuchapa kwa kisanduku kitupu."

"Nimeelewa, Madame."

Timothée, aliyekuwa amekumbatia sanduku la vioo, alimtazama Joyeuse kwa pembe ya jicho. Kisha akatoa mfuko wa karanga mfukoni, akauweka kati yao.

"Jumatatu tunaanza upya," alisema. "Siku kumi na moja. Zote. Na nilizungumza na papa. Amesema naweza kufika kwenye kasiksi, mradi nisimame upande wa chupa."